Walihesabiwa, Hawakuulizwa: Historia ya Sahara Magharibi

Mwaka 1974 Uhispania iliwatuma makarani katika koloni lake la Sahara wakahesabu watu. Kazi haikuwa nyepesi, kwani wengi wa wenyeji walikuwa wafugaji wa ngamia, leo wako hapa, mwezi ujao wamehamia mwendo wa siku nyingi kufuata malisho. Hata hivyo ilikamilika, na daftari likafungwa likiwa na Wasahrawi 73,497. Sensa hiyo ilikuwa na kusudi. Uhispania ilikuwa imetangaza kwamba mwaka 1975 ingewapigisha wenyeji kura ya maoni, waseme wenyewe wanataka nini. Kura hiyo haikupigwa mwaka 1975. Haijapigwa mpaka leo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, Sahara Magharibi ni jina linalopita redioni wakati wa mikutano ya Umoja wa Afrika, kisha likasahaulika. Linastahili zaidi ya hapo. Ni nchi ya mwisho ya bara hili ambayo bado imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala, na sehemu muhimu za kesi yake zimesikilizwa hapa kwetu.

Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 266,000, yaani inaizidi Uganda kidogo. Magharibi iko Bahari ya Atlantiki, yenye pwani ya zaidi ya kilomita 1,000. Kaskazini iko Moroko, mashariki na kusini Mauritania, na pembeni kabisa kuna kipande kifupi cha mpaka na Algeria. Sehemu ya kaskazini huitwa Saguia el-Hamra, kwa jina la korongo ambalo hupitisha maji miaka ya neema tu. Kusini ni Río de Oro. Hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Sehemu kubwa haipati hata milimita 50 za mvua kwa mwaka, na hizo chache haziji kwa msimu wa kutegemea kama masika yetu. Wingu moja huliloweka bonde hili, na bonde la jirani likabaki kavu miaka mitatu.

Kwa hiyo maisha ya huko yalijengwa juu ya mwendo. Ngamia akila majani mabichi anaweza kukaa wiki kadhaa bila kunywa maji, na maziwa yake yakawa chakula na kinywaji cha familia, yakichanganywa na maji na sukari. Mfugaji aliyekuwa mbali na kisima hakuwa na hofu maadamu alijua mvua imenyesha wapi. Habari ya mvua ilikuwa mali, na ilisafiri kutoka hema hadi hema.

Hema lenyewe lilikuwa la mwanamke. Yeye ndiye aliyesokota manyoya ya mbuzi na ngamia, akafuma vipande virefu vyembamba, akavishona ubavu kwa ubavu hadi vikawa paa jeusi linalozuia jua na mvua. Kila mwaka kipande kilichochakaa kilitolewa na kipya kikaunganishwa. Siku ya kuhama ni yeye aliyelibomoa, na walipofika ni yeye aliyelisimamisha, mara nyingi wanaume wakiwa mbali na mifugo au misafara. Ustadi huo ulikuja kuwaokoa watu wake karne ya 20, kama tutakavyoona.

Asili yao ni mchanganyiko wa Waberber wa Sanhaja na Waarabu wa Beni Hassan. Wasanhaja ndio waliozaa harakati ya al-Murabitun katika karne ya 11, iliyotoka jangwani ikatawala Moroko hadi Andalusia. Beni Hassan walianza kuingia karne mbili baadaye, na lugha yao, Kihassania, ikawa lugha ya wote. Kabila kubwa lilikuwa Reguibat. Pamoja nao walikuwapo Tekna, Oulad Delim, Oulad Tidrarin na wengineo. Wote ni Waislamu wa madhehebu ya Maliki, na watoto walijifunza Kurani kwa mbao za kuandikia zilizobebwa na ngamia pamoja na vyungu na mikeka. Mambo ya vita, visima na malisho yaliamuliwa na baraza la wazee lililoitwa Ait Arbain, baraza la watu arobaini.

Isidhaniwe kwamba ilikuwa jamii ya usawa. Walikuwapo waliozaliwa kubeba silaha, waliozaliwa kusoma, waliolipa kodi kwa wenye nguvu, wahunzi waliodharauliwa ingawa kila mtu aliwahitaji, na watumwa weusi walioletwa kutoka kusini. Jeraha hilo la utumwa lina historia yake kamili, na Wasahrawi wenyewe bado wanalizungumzia.

Ni pwani hiyohiyo iliyoshuhudia Wazungu wakianza biashara ya watumwa ya Atlantiki. Mwaka 1434 nahodha Mreno Gil Eanes aliipita rasi ya Bojador, ambayo mabaharia wenzake waliiogopa kama mwisho wa dunia. Miaka saba baadaye, katika ghuba ya Río de Oro, Antão Gonçalves aliteka wenyeji akawapeleka Ureno. Baadhi yao walikombolewa na ndugu zao kwa kutoa watumwa weusi na vumbi la dhahabu. Wareno wakaelewa mara moja biashara gani inawezekana huko, wakaendelea kuteremka kusini.

Baada ya hapo jangwa liliachwa kwa muda mrefu. Wavuvi wa Visiwa vya Kanari walikuja kuvua pwani wakaenda zao. Mwaka 1884, Mkutano wa Berlin ukikaribia, Uhispania ilimtuma Emilio Bonelli, akafanya mapatano na watu wa pwani ya Dakhla na kuinua bendera mahali palipoitwa Villa Cisneros. Ndani ya nchi Wahispania hawakuwa na kitu. Mipaka iliyonyooka kama rula waliichora na Wafaransa kwa mikataba ya 1900, 1904 na 1912, katika vyumba vya Ulaya ambamo hapakuwa na Mreguibat hata mmoja.

Wakati huohuo sheikh Ma al-Aynayn alikuwa akijenga mji. Alikuwa mwanachuoni wa tariqa ya Qadiriyya, ileile iliyokuwa ikienea Bagamoyo na Zanzibar miaka hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 aliianzisha Smara katikati ya jangwa, akajenga msikiti na zawiya na kukusanya maktaba kubwa. Wafaransa walipozidi kuisogelea Mauritania na Moroko, aliwakusanya wapiganaji, akapata silaha kwa Sultani wa Moroko, na mwaka 1910 akaelekea kaskazini. Wafaransa walimshinda njiani, akafia Tiznit mwaka huohuo. Mwaka 1913 kikosi cha Kanali Mouret kikaingia Smara kikaibomoa na kuiharibu maktaba. Huwa nafikiria vitabu vile, vilivyobebwa kwa miezi mingi migongoni mwa ngamia mpaka mahali pasipo na mto, vikateketezwa na jeshi lililodai linaleta ustaarabu. Uhispania yenyewe iliingia bara kikamilifu mwaka 1934 tu.

Kisha yakapatikana mawe. Mwaka 1947 mwanajiolojia Mhispania Manuel Alía Medina alitambua fosfeti katika ardhi hiyo, na miaka ya 1960 yakagunduliwa mashapo makubwa ya Bou Craa, kusini-mashariki mwa El Aaiún, mji mkuu wa koloni. Fosfeti ndiyo mama wa mbolea. Mahindi, ngano, mpunga, vyote vinahitaji fosforasi, na hakuna kitu kingine kinachoweza kushika nafasi yake. Bou Craa ilikuwa na sifa mbili: mawe yake ni ya daraja la juu, na yako karibu na uso wa ardhi, unaondoa mchanga wa juu na kuchota.

Taabu ilikuwa kuyafikisha baharini. Wahispania hawakujenga reli, walijenga mkanda wa mpira unaozunguka juu ya magurudumu, wenye urefu wa karibu kilomita 100, mrefu kuliko wowote duniani wa aina yake. Uzalishaji ulianza mwaka 1972. Mkanda huchukua mawe yaliyopondwa machimboni, ukayapitisha nyikani hadi gatini ambako meli husubiri. Upepo wa jangwani hupeperusha unga wake, na kwa miaka mingi umelala upande mmoja wa njia, mweupe, hata picha zinazopigwa kutoka angani huuonyesha waziwazi.

Wakati mkanda unajengwa, ukame mkali wa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ulikuwa unaua ngamia. Familia zilizokuwa zikifuata mvua zikajikuta pembezoni mwa El Aaiún na Smara, wanaume wakitafuta vibarua machimboni, katika ujenzi au katika jeshi la mkoloni. Mijini wakakutana na redio, na vijana wao waliosoma nje wakarudi na habari za Algeria na Misri. Mmoja wao, Mohamed Bassiri, aliyesoma Cairo na Damascus, aliunda chama cha siri kilichodai mabadiliko kwa amani. Tarehe 17 Juni 1970 wafuasi wake waliandamana mtaa wa Zemla, El Aaiún. Wanajeshi wa Uhispania wakafyatua risasi. Bassiri alikamatwa na hakuonekana tena.

Waliokuja baada yake hawakuomba tena. Tarehe 10 Mei 1973 ilizaliwa Polisario, harakati ya kupigania uhuru kwa silaha, na siku kumi baadaye ikashambulia kituo cha kwanza cha Wahispania. Kiongozi wake, El-Ouali Mustapha Sayed, alikuwa kijana wa miaka ya ishirini, mtoto wa wafugaji waliofilisiwa na ukame. Oktoba 1974 wapiganaji waliuharibu mkanda wa Bou Craa. Walijua wapi panauma.

Mwaka 1975 unahitaji kusimuliwa taratibu. Mwezi Mei ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulitembelea koloni hilo, ukakutana na umati mijini na jangwani, na katika taarifa yake ukaeleza kwamba karibu kila mtu uliyekutana naye ndani ya eneo hilo alitaka uhuru. Hapo ndipo wenyeji walipokaribia zaidi kuulizwa. Lakini Mfalme Hassan II wa Moroko alidai nchi hiyo ni yake tangu kale, kwa hoja kwamba masheikh wa makabila walikuwa wakitoa bai'a, kiapo cha utii, kwa masultani wake. Mauritania nayo ilidai undugu wa damu na ardhi. Mahakama ya Haki ya Kimataifa ya The Hague iliombwa maoni.

Majibu yalitolewa tarehe 16 Oktoba. Mahakama ilisema kwamba Uhispania ilipofika, nchi hiyo haikuwa ardhi isiyo na mwenyewe: waliishi humo watu wenye jamii na siasa zao, chini ya viongozi wenye uwezo wa kuwawakilisha. Ilikubali kwamba baadhi ya makabila yalikuwa na utii kwa Sultani, na kwamba zilikuwapo haki fulani za ardhi zilizowaunganisha na watu wa Mauritania. Ikaongeza kwamba hakuna lolote katika hayo linaloipa nchi yoyote umiliki wa ardhi hiyo, wala linalozuia watu wake kujiamulia mambo yao.

Siku hiyohiyo Hassan alitangaza redioni Maandamano ya Kijani. Alichukua kile kipande cha utii kwa Sultani akaacha kilichobaki. Tarehe 6 Novemba raia 350,000 wa Moroko, wakiwa na Misahafu na bendera, walielekea mpakani, na maelfu wakavuka kilomita chache kabla hawajaamriwa kurudi. Wengi wao walikuwa watu maskini walioamini kwa moyo kwamba wanarudisha ardhi ya baba zao, na imani yao haikuwa ya uongo kwao. Lakini wanajeshi wa Moroko walikuwa wameshaingia kimyakimya upande wa mashariki tangu mwisho wa Oktoba. Madrid, Jenerali Franco, mtawala wa Uhispania, alikuwa mahututi, na serikali yake haikutaka vita. Tarehe 14 Novemba Uhispania ikatia sahihi mkataba wa kuwakabidhi Moroko na Mauritania utawala wa eneo hilo, yenyewe ikibakiwa na asilimia 35 ya kampuni ya fosfeti. Hisa hizo haikuziacha hadi mwaka 2002. Franco alifariki tarehe 20 Novemba.

Wenye nchi wakakimbia. Maelfu waliondoka mijini kuelekea mashariki, kwa magari, kwa ngamia, kwa miguu, na mapema mwaka 1976 ndege za Moroko zikawashambulia kwa mabomu, napalm ikiwemo, katika kambi ya Um Dreiga. Walionusurika walifika uwanda wa mawe karibu na Tindouf, Algeria, mahali ambapo joto la kiangazi hupita nyuzi 45. Tarehe 27 Februari, siku moja baada ya Uhispania kuondoka rasmi, Polisario ilitangaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kiarabu ya Sahara. El-Ouali aliuawa mwezi Juni akitoka kushambulia Nouakchott, mji mkuu wa Mauritania.

Wanaume walipokuwa vitani, kambi ziliendeshwa na wanawake. Waliosimamisha mahema maisha yao yote walisimamisha mahema tena, sasa ya turubai la msaada, wakaunda kamati za afya, za elimu na za kugawa chakula, wakafyatua matofali ya udongo na kujenga shule. Kambi zikapewa majina ya miji iliyoachwa: El Aaiún, Smara, Dakhla, Awserd, Boujdour. Mtoto anayezaliwa Tindouf hujibu kwamba anatoka Dakhla, mji wa bahari ambao mama yake hajawahi kuuona. Maji huja kwa malori. Oktoba 2015 mvua kubwa iliziyeyusha nyumba za udongo kwa maelfu. Umoja wa Mataifa unakadiria wakimbizi hao kuwa zaidi ya 170,000, na chakula chao, wengi wao, ni kile kinacholetwa.

Mauritania ilichoka ikajitoa mwaka 1979, na Moroko ikachukua sehemu yake. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1987 jeshi la Moroko lilijenga, awamu baada ya awamu, tuta la mchanga na mawe lenye urefu wa kilomita zipatazo 2,700, refu kuliko reli ya TAZARA kwa zaidi ya kilomita 800. Ukilitazama ni kifusi tu kinachomzidi mtu kimo. Nyuma yake kuna ngome, rada na makumi ya maelfu ya askari, na mbele yake mabomu ya ardhini kwa mamilioni. Limeikata nchi: magharibi asilimia 80 pamoja na fosfeti, miji na pwani yote ya uvuvi, mashariki nyika iliyobaki mikononi mwa Polisario. Ngamia hawajui mipaka, na bado wanakanyaga mabomu hayo pamoja na wachungaji wao.

Afrika haikukaa kimya. Tanzania, Dar es Salaam ikiwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja uliotangulia Umoja wa Afrika wa leo, iliitambua jamhuri hiyo mwaka 1978. Juni 1981, katika mkutano wa wakuu wa OAU mjini Nairobi, Hassan II mwenyewe alisimama akakubali kura ya maoni. Jamhuri ilipopewa kiti mwaka 1982, na Moroko ikajitoa katika OAU mwaka 1984, kura ile ya Nairobi ikabaki ahadi. Kenya iliitambua jamhuri mwaka 2005, kisha ikawa ikiyumba, na Mei 2025 ikatangaza kuunga mkono mpango wa Moroko wa kuipa Sahara Magharibi kujitawala kwa ndani tu. Sikubaliani na mwenendo huo wa serikali zetu, wa kubadili msimamo kuhusu haki za watu kila biashara inapobadilika.

Bunduki zilinyamaza tarehe 6 Septemba 1991, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MINURSO, ukaja kuandaa kura. Ugomvi ukawa nani apige. Wazee wa koo walikaa mezani siku nyingi kuthibitisha ukoo wa kila mwombaji, msingi ukiwa daftari lile la mwaka 1974. Mwanzoni mwa mwaka 2000 orodha ilikuwa na wapiga kura 86,000 na ushee. Moroko ikamwaga rufaa zaidi ya laki moja, na kazi ikasimama. James Baker, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alijaribu kwa miaka saba akajiuzulu mwaka 2004. Mwaka 2007 Moroko ilileta mpango wa kujitawala kwa ndani chini ya mfalme. Novemba 2020 vita vilianza tena kwa kiwango cha chini, na mwezi uliofuata Rais Trump akautambua umiliki wa Moroko.

Katika miaka hiyo yote mali haikusubiri. Pwani ya Sahara Magharibi hupitiwa na mkondo wa maji baridi, na pepo huinua juu maji ya kina yenye lishe, samaki wakafurika. Pweza wa Dakhla huuzwa Ulaya na Asia, na sadini husindikwa viwandani. Kandokando ya ghuba ya Dakhla yamejengwa mabanda ya plastiki ya nyanya na matikiti yanayonyweshwa maji ya kale yaliyo chini ya jangwa, ambayo mvua ya huko haiwezi kuyarudisha. Mitambo ya upepo sasa huipa machimbo ya Bou Craa umeme wake mwingi. Ni kweli Moroko imejenga barabara, bandari na hospitali, na raia wake waliohamia huko wameanzisha maisha na kuzaa watoto ambao hawajui kwingine. Ni kweli pia kwamba Polisario iliwashikilia mateka wa kivita wa Moroko kwa miaka mingi, wa mwisho 404 wakiachiwa mwaka 2005 tu, na kwamba Msahrawi anayedai uhuru hadharani El Aaiún hukabiliwa na kipigo na jela.

Mabishano yakahamia mahakamani. Mei 2017 meli NM Cherry Blossom, ikiwa na tani zaidi ya 50,000 za fosfeti ya Bou Craa, ilizuiwa Port Elizabeth, na mwaka uliofuata mahakama ya Afrika Kusini ikaamua mzigo ni wa Wasahrawi. Septemba 2022 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua shauri lililofunguliwa na Mghana Bernard Mornah dhidi ya nchi 8, Tanzania ikiwemo, kwa kuikubali Moroko katika Umoja wa Afrika mwaka 2017. Haikuzitia hatiani, lakini iliandika kwamba Moroko inaikalia kwa mabavu ardhi ya Wasahrawi, na kwamba mataifa ya Afrika yana wajibu wa kuwasaidia watu hao kupata haki yao. Tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kufutwa kwa mikataba ya uvuvi na kilimo na Moroko, kwa kuwa watu wa Sahara Magharibi hawakutoa ridhaa.

Ikumbukwe kwamba mahakama hazina majeshi. Oktoba 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio linaloutaja mpango wa Moroko wa mwaka 2007 kuwa msingi wa mazungumzo, likautaja papo hapo ukweli kwamba suluhisho lazima lizingatie haki ya watu kujiamulia, na likaiongezea MINURSO mwaka mmoja. Herufi za jina la ujumbe huo, kwa Kifaransa, bado zinabeba neno kura ya maoni.